Mjusi anasingiziwa

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu madereva wanaotukanana barabarani niliisoma kwa raha mpaka nilipokuta kwamba mtu akipandwa na hasira, "ubongo wa mjusi" ndio unaoshika usukani. Hapo mjusi kasingiziwa.

Kauli hiyo najua ilikotoka. Tangu miaka ya 1960, daktari Mmarekani Paul MacLean aliueleza ubongo wetu kama nyumba ya ghorofa tatu: chini mtambaazi, katikati mnyama anyonyeshaye wa kale, juu kabisa mwenye akili. Ni picha tamu, na mimi mwenyewe nimeifundisha miaka mingi (wanafunzi wangu wa zamani wanisamehe). Lakini waliofungua ubongo wa mtambaazi hawakukuta nyumba ya namna hiyo.

Kazi yao inataka subira. Ubongo hukatwa vipande vyembamba mno, vikapakwa kingamwili inayonasa kemikali moja tu, tuseme dopamini, mojawapo ya kemikali zinazopeleka ujumbe ndani ya ubongo, kisha mtu anainamia hadubini kufuatilia ni seli zipi zimeshika rangi na nyuzi zake zinaelekea wapi. Miaka ya 1980 watafiti wa Amsterdam walimchora hivyo Gekko gecko, mjusi wa Asia. Seli nyingi za dopamini zilikuwa kwenye ubongo wa kati, zikipeleka nyuzi mbele, kwenye eneo ambalo kwetu likiishiwa dopamini mtu hupata ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Serotonini, kemikali nyingine ya namna hiyo, nayo huanzia katikati ya shina la ubongo, kwake na kwetu. Ramani karibu ni ileile.

Na hasira je? Marekani kuna mjusi wa kijani, Anolis carolinensis. Madume wawili wakikutana, doa jeusi hutokea nyuma ya jicho. Linayemtokea mapema ndiye huelekea kushinda, na mnyonge hubaki na rangi ya kahawia. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha South Dakota walieleza walivyowapa wababe sertraline, dawa wanayoandikiwa watu wenye sonona, ambayo huongeza nguvu ya serotonini. Ukali ukapungua, ubabe ukawaponyoka. Kwa hiyo hata mjusi halipuki tu kama baruti. Kuna kemikali inayomshika breki, na breki hiyo sisi pia tunayo.

Nje ya ofisi yetu ya walimu kuna jiwe kubwa lenye mwenyewe: dume la mjusi Agama mwanzae, aliyepewa jina la mji wetu, kichwa chekundu, mwili wa buluu. Juzi alikuja dume mwingine. Wakapigiana pushapu, wakazungukana kidogo, mgeni akapauka rangi na kuteremka zake bila kung'atwa. Madereva wa makala yenu walikunjana mashati.

Mwalimu wa baiolojia,
Mwanza