Hipnosisi si ushetani, wala haimalizi kazi kwa dakika 30

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji wa Korogwe aliyeandika kwamba hipnosisi, ile njia ya kumtuliza mtu kwa maneno mpaka umakini wake ukusanyike mahali pamoja, ni mlango wa mashetani. Kwa barua hiihii namjibu pia aliyebandika karatasi kwenye nguzo ya umeme mtaani kwetu: "Acha sigara, pombe na punyeto. Dakika 30 tu. Tunalaza akili." Wawili hawa sidhani kama wanajuana, lakini wanaamini jambo moja, kwamba mtu akifanyiwa hipnosisi akili yake inatoka mikononi mwake na kushikwa na mwingine. Mmoja analiogopa jambo hilo, mwenzake analiuza.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Naswali swala tano, kwa hiyo sina ugomvi na imani ya mtu. Hipnosisi niliiona Manchester, Uingereza, nilipokwenda kumsalimia mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye kwetu ni mwanangu na ananiita Mama Mdogo. Ni fundi umeme, baba wa watoto, lakini alikuwa akitafuna kucha mpaka vidole vinatoka damu. Kushika nyaya na vidole vya namna ile kulimtisha hata yeye. Alikuwa akitibiwa na mwanasaikolojia wa kliniki, akaniombea ruhusa nikae pembeni.

Nilitegemea kuona saa inaning'inizwa kwenye mnyororo. Haikuwapo. Kulikuwa na kiti cha kawaida, pazia lililovutwa nusu, na mama mmoja mwenye miwani anayeongea taratibu. Alimwambia achague alama moja ukutani, aikazie macho, yakichoka ayafumbe. Wakaenda na pumzi kwa muda. Kisha akamwambia auone mkono wake wa kulia unapanda kuelekea mdomoni, kama unavyopanda akiwa anaangalia mpira kwenye televisheni; ukifika kidevuni uwe mzito, usimame, ushuke hadi gotini, kidole gumba akifumbate ndani ya ngumi. Wakarudia tena na tena. Katikati mwanangu akapiga chafya, akaomba tishu, akapewa, wakaendelea. Sasa nimuulize msomaji wa Korogwe, ni pepo gani huyo anayempa mtu ruhusa ya kupenga kamasi?

Baadaye aliniambia alisikia kila kitu, hata gari la taka lililopita nje. Hakuwa amelala. Alirekodiwa maneno yale kwenye simu awe anayasikiliza kila usiku, na nadhani kazi kubwa ilifanyika hapo, siyo pale kwenye kiti. Mkono uliokuwa ukipanda wenyewe bila yeye kujua, sasa unapopanda anaujua, na anapoujua ana la kuufanya. Kucha zimeota. Alipopunguzwa kazini alianza tena kuzitafuna, ikabidi arudie mazoezi.

Wakunga wenzangu hawatashangaa. Mama uchungu umemkolea, anapiga mayowe, unamshika mkono: "Nitazame mimi, mwanangu. Vuta pumzi na mimi. Toa. Tena." Akishakukazia macho, kelele za wodi anaacha kuzisikia. Uchungu uko palepale, ila haumwendeshi tena. Ukimwambia legeza mabega, yanalegea, na dakika chache kabla ungeongea mpaka kesho asikusikie. Hipnosisi ni jamaa wa hilo: umakini umekusanywa mahali pamoja, na mtu akiwa katika hali hiyo neno alilokubali mwenyewe lipenye huzama zaidi. Asilolikubali, analikataa.

Ni kweli kwamba historia yake ina matapeli, na wengine walikuwa madaktari. Franz Anton Mesmer aliwavuta matajiri wa Paris akidai ana nguvu ya sumaku inayotoka mwilini. Mwaka 1784 Mfalme Louis wa 16 aliunda tume, Benjamin Franklin akiwamo, wakapima na kuona sumaku hakuna. Kilichokuwa kikifanya kazi ni fikra za mgonjwa mwenyewe. Mji uleule wa Manchester ndiko daktari wa upasuaji James Braid, mwaka 1841, alikokwenda kutazama maonyesho ya mfuasi wa njia za Mesmer ili amuumbue. Akakuta kuna jambo la kweli ndani yake, akalichunguza bila habari za sumaku. Nasi wa Pwani tunaojua mabusha tumkumbuke James Esdaile, daktari Mskoti aliyekuwa Bengal. Kuanzia 1845, kabla dawa za nusu kaputi hazijaenea, aliwapasua wagonjwa waliotulizwa kwa njia hizo, wengi wao wenye uvimbe wa korodani. Etha na klorofomu zilipofika, mambo yake yakasahauliwa. Chama cha Madaktari cha Uingereza kilikuja kuikubali hipnosisi mwaka 1955.

Ila mwenye karatasi ya nguzoni asishangilie. Kuhusu sigara, watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua ushahidi wa tiba, walikusanya tafiti 14 zenye watu zaidi ya 1,900 na kuzichambua mwaka 2019. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba hipnosisi inashinda ushauri wa kawaida au njia nyingine za kuacha. Inaweza kumsaidia mtu, ndiyo, lakini anayekuhakikishia kwamba utaacha, tena kwa dakika 30, shika mfuko wako. Mahali iliposimama vizuri zaidi ni kwenye maumivu, na kwenye ule ugonjwa wa tumbo kusokota na kujaa gesi ambao vipimo havioni kitu. Huko Uingereza miongozo ya tiba inaruhusu kumpeleka kwenye hipnosisi mgonjwa aliyetumia dawa mwaka mzima bila nafuu. Tena watu hawafanani. Wapo wanaozama upesi, wapo ambao utaongea hadi sauti ikauke nao wanakukodolea macho tu.

Kinachonitia hofu zaidi ni tabia ambazo si tabia tu. Nimewapokea wajawazito wengi wanaokula udongo, ule wa vipande unaouzwa sokoni. Wanauficha kwenye pochi, wanaona aibu. Ukimpima damu unakuta imeshuka vibaya. Huyo anahitaji kupimwa, vidonge vya madini ya chuma na chakula. Ukimtuliza kwa maneno mazuri umemchelewesha. Mlevi wa kila siku, akishawishika kuacha leo ghafla, anaweza kutetemeka, akapata degedege na kufa. Huyo aanzie hospitali. Mwenye kifafa asiambiwe aache dawa zake, na anayesikia sauti zisizokuwapo asikalishwe kwenye kiti kile bila daktari wa akili kujua.

Tena wapo wanaodai watakurudisha nyuma utotoni ukumbuke nani alikuharibia maisha. Hapo naomba wasomaji wanisikie. Mtu aliye katika hali ile hujaza mapengo ya kumbukumbu, na kinachojazwa anakiona ni kweli kabisa. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya California ilikataa ushahidi wa shahidi aliyekumbushwa kwa hipnosisi kwa sababu hiyohiyo. Kwetu hapa, ambako bibi kizee anaweza kuuawa kwa kuwa na macho mekundu, fikiria mtu anaamka kitini amekumbuka kwamba shangazi yake alimnywesha kitu.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni dogo. Gazeti lako nalo huchapa matangazo madogomadogo ya tiba. Likija la kuachisha tabia, muulizeni mwenye nalo amesajiliwa wapi. Kama ni daktari, Baraza la Madaktari Tanganyika linamjua. Kama ni muuguzi, lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wa tiba asili na tiba mbadala nao wana baraza lao. Akisema yeye ana kipaji tu, mrudishieni hela yake.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Ngamiani, Tanga