Mgeni rasmi atukute kwenye utepe, tusimsubiri juani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo nimekaa nalo wiki tatu sasa, kila nikishika spoku za baiskeli ya mtu linanirudia. Mi ni fundi baiskeli hapa Tabora, Ng'ambo, na nina miaka sita nakimbia na wenzangu wa jogingi. Mwanzoni mwa mwezi huu wa 10 tulikuwa na mbio za kilomita 21 hapa mjini kwetu. Mbio ndogo tu, watu mia na kitu, kila mtu kajilipia mwenyewe tisheti na namba ya kifuani. Tangazo lilisema tunaanza saa 12 na nusu asubuhi. Tulianza saa 2 na dakika 40, na muda wote huo tulikuwa tunamsubiri mgeni rasmi.

Kwa asiyeijua Tabora, sisi tuko magharibi kwa hiyo jua letu linachelewa, mwezi huu Dar kumeshakucha saa 12 sisi huku linachomoza saa 12 na nusu hivi. Hiyo ni neema kwa mkimbiaji. Tuko juu pia, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, asubuhi hewa ni nzuri kabisa, mpaka saa 1 na nusu unakimbia unasikia raha. Ila likishapanda limepanda, huu ndo mwezi mkali kuliko yote kwetu, mvua bado, majani yamekauka, mchana joto linapita nyuzi 30, na hewa ni kavu kiasi kwamba jasho linakaukia mwilini kabla hujaliona. Unashika nyusi unakuta chumvi tupu. Sasa mtu mgeni na mbio ndefu anadhani hatoki jasho, kumbe anaisha maji taratibu.

Mi kilomita 21 nazimaliza kwa saa 2 na robo. Yaani dakika ile wanatuachia, ndo dakika ambayo nilitakiwa nauona utepe wa mwisho nikanywe chai. Badala yake tulisimama uwanjani hakuna hata kivuli, tukapashwa misuli mara tatu na muziki, chupa za maji tulizobeba za njiani tukazimalizia pale pale. Kina mama wa klabu yetu wakaanza kujifunika kanga kichwani. Nikamwuliza kijana mmoja wa kamati, mdogo wangu, si mtuachie tu mkubwa atatukuta mbele, akanijibu kwa upole tu, kaka hilo siwezi kuliamua mimi.

Mjini haikuwa mbaya sana maana kuna miembe, ile mikubwa ya zamani, unapita kivulini unapata nguvu. Tabu ilianza tulipotoka kuelekea upande wa Kwihara, ni peupe, vumbi, jua liko kisogoni. Kwenye kilomita ya 16 hivi mbele yangu kulikuwa na dogo, wa miaka kama 19, ananitangulia hatua kumi, nikaona anaenda kushoto anarudi kulia kama mlevi. Nikamwahi nikamshika mkono. Mhariri, ule mkono ulikuwa wa moto kama tenki la pikipiki iliyoachwa juani, sijawahi kushika ngozi ya mtu ikawa vile. Namwuliza jina lake ananiambia habari za mbuzi, mbuzi wamefunguliwa, nani kawafungua. Meza ya maji ilikuwepo pale karibu kabisa, juu yake katoni tupu na vikombe vikavu.

Aliyemwokoa ni mama mmoja aliyekuwa anamwagilia mchicha wake. Alitoa ndoo bila kuulizwa. Tukamvuta dogo chini ya mti, jamaa mmoja akasimamisha bodaboda anataka apakizwe hapo hapo awahishwe, ila kulikuwa na dada anakimbia nyuma yetu, ni nesi, akapiga kelele: "Mpozeni kwanza hapa hapa, safari baadaye!" Akatuelekeza, maji kichwani, shingoni, kwapani, mapajani, kanga ya yule mama ikaloweshwa akafunikwa, mi napepea na ile katoni. Akasema mwili ukipita nyuzi 40 mtu akaanza kuongea visivyoeleweka, kila dakika inahesabika, na ukimsafirisha na moto wake ule anaharibikia njiani. Maji ya kunywa asilazimishwe mpaka akili irudi. Baadaye sana dogo akafungua macho akauliza namba yake ya kifuani iko wapi. Hapo ndo gari likaja likampeleka hospitali. Nimeenda kumwona kwao mara mbili, anaendelea vizuri namshukuru Mungu, ila mama yake bado akiongelea siku ile analia.

Simlaumu mgeni rasmi, inawezekana hata hakuambiwa kwamba watu wamesimama juani wanamngoja yeye. Lawama zangu ni kwa huu utaratibu wetu kwamba bila mkubwa kufika hakianzi kitu. Mkutano unaweza kusubiri, harusi pia itasubiri, lakini mbio ndefu mwezi wa 10 kila nusu saa mnayochelewesha mnamwongezea mtu mzigo mgongoni.

Wenzetu wakubwa duniani wanaliogopa hili joto. Mwaka 2019 kule Doha marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza karibu saa 6 usiku kukwepa jua, na bado kati ya wanariadha 68 walioanza 28 hawakumaliza, na hao ni watu wanaoishi kwa kukimbia! Na Septemba 2025 kule Tokyo, tulipofurahi wote, ndugu yetu Alphonce Simbu alipoleta dhahabu ya dunia, ile marathoni ilirudishwa nyuma nusu saa, badala ya saa 2 ikaanza saa 1 na nusu, sababu ni joto. Simbu ni mtu wa Singida, majirani zetu hapa.

Kwa hiyo naomba kamati, saa iliyoandikwa kwenye tangazo iheshimiwe. Mgeni rasmi aje mwishoni, atuvalishe medali, apige picha, ndo raha yenyewe hiyo. Meza za maji ziwe kila kilomita 2 au 3 na za mwisho zibakiziwe maji, maana wa mwisho ndo wanaopigwa na jua zaidi, na pembeni kuwe na ndoo za kujimwagia. Na kama inawezekana mbio zihamie mwezi wa 6 au wa 7, asubuhi Tabora tunavaa masweta.

Mi hela ya udhamini sina. Ndoo ninazo nne na baiskeli ya kubebea madumu ipo, mwakani wanipe ile meza ya kilomita ya 16, saa 11 alfajiri nitakuwa nimeshafika na maji.

Fundi baiskeli,
Ng'ambo, Tabora