Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria: mbwa wao, meno yao, gharama zangu?

Mheshimiwa Waziri, salaam.

Nakuandikia mguu nikiwa nimeunyoosha juu ya stuli, shavu la mguu lina matundu ya meno na moja bado halijafunga, dokta hakulishona makusudi maana anasema kidonda cha mbwa ukikiwahi kukishona unafungia uchafu ndani. Lakini sijaja kulialia. Nimekuja kwa sababu ya swali nililokutana nalo nilipoanza kudai fidia: "Una ushahidi gani kwamba mwenye mbwa alikuwa anajua mbwa wake ni mkali?"

Hebu fikiria Mheshimiwa. Mimi napita zangu njiani, geti liko wazi, mbwa huyo katoka. Tabia ya mbwa wa watu nitaijulia wapi? Anayeijua ni yule anayemlisha kila siku, na ndo huyohuyo anasema "huyu ni mpole, hajawahi kung'ata mtu, sijui wewe ulimfanyaje". Majirani wanajua vizuri tu, ila nani atakuja kutoa ushahidi dhidi ya mtu anayepakana naye ukuta.

Hilo swali ni la kizamani, limetoka kwenye sheria za Waingereza za enzi hizo, nchi kibao zikarithi na nyingine zimeshaachana nalo. Kule California mwenye mbwa anawajibika hata kama mbwa hajawahi kung'ata mtu na yeye hakuwa na habari na ukali wake, mradi aliyeng'atwa alikuwa sehemu ya wazi au yupo pale kihalali. Ujerumani nako, mbwa wa kufuga kwa mapenzi tu akimuumiza mtu, mwenye mbwa analipa hata kama hakuzembea chochote. Nasi tunataka hivyo hivyo. Aliyeruka ukuta usiku kwenda kuiba simtetei, na aliyemchokoza mbwa makusudi fidia yake ipunguzwe, sawa, ila basi hilo la uchokozi alithibitishe mwenye mbwa sio mimi.

Maana gharama haingoji kesi. Ukishang'atwa unaosha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, kisha unarudi siku ya 3, ya 7, ya 14, kuna wanaopangiwa mpaka ya 28, na meno yakiwa yamepenya ngozi, kama hukuwahi kuchanjwa kabla, unahitaji pia imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari za kupambana na virusi, inachomwa palepale kwenye kidonda, na hiyo sio ya bei ya kitoto. Huwezi kusema ngoja kwanza mwenye mbwa alipe, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu kila mtu anakufa. Kwahiyo unakopa. Kwa mtu wa kibarua kila sindano ni siku imepotea, na hiyo siku risiti yake utaitoa wapi? Sheria iseme wazi kwamba kipato kilichopotea kinadaiwa, na kovu pia, na ile hofu ya mtoto anayegoma kwenda shule kwa sababu ya kupita pale getini.

Sasa kuna hili ambalo linanikera kuliko yote. Mbwa aliyeng'ata anatakiwa afungiwe aangaliwe siku 10, akibaki mzima basi hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata. Kwa kifupi yule mbwa ni kipimo cha hospitali na pia ni ushahidi wa mahakamani. Huyu aliyening'ata mimi alihamishwa usiku, asubuhi naambiwa "mbwa gani? hapa hatufugi mbwa", na bakuli lake liko pale mlangoni! Polisi wakanambia mambo ya mbwa kaelewaneni nyumbani. Kumficha au kumuua mbwa ndani ya hizo siku liwe kosa, na mahakama ikikuta umemficha ichukulie kwamba ni wako na ni mkali, kwisha.

Na zile karatasi za haraka haraka. Unapewa hela ya bandeji na karatasi ya kusaini kwamba huna madai mengine, wakati hata hujajua kidonda kitaoza au mshipa wa fahamu umeguswa. Mimi sikusaini, suruali iliyotoboka ipo kwenye mfuko haijafuliwa, picha ninazo, fomu za hospitali ninazo. Wangapi wamesaini kwa shida tu? Makubaliano ya namna hiyo, mtu akiwa bado kwenye matibabu, yasiwe na nguvu kisheria.

Mheshimiwa, naomba unijibu hadharani kama nilivyokuandikia: muswada wa kuliondoa lile swali la "alikuwa anajua?" utaupeleka bungeni au hutaupeleka?

Ni mimi, mwananchi anayedai.