Wifi, usisubiri kipimo cha damu, mlete mtoto aangaliwe macho

Wifi yangu, mama kanipigia jana usiku ananiambia umegoma kumpeleka mtoto kliniki ya macho, eti macho yanang'aa hayana hata tongotongo, na umesikia siku hizi kuna kipimo cha damu kinaonyesha kila kitu. Sikulala. Naandika hadharani maana wamama wengi wa njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wanawaza hivyohivyo.

Mishipa ya damu ya nyuma ya jicho inaanza kuota mimba ikiwa na wiki kama 16, inakuja kumaliza karibu na wiki ya 40. Wako katoka na wiki 29, yaani mishipa iko nusu ya safari. Oksijeni ikizidi mishipa inasimama kuota, halafu baadaye jicho likibanwa na njaa ya hewa linaita mishipa kwa fujo, inaota ovyoovyo, inavuja damu, ikizidi inavuta retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, mpaka inabanduka. Yote hayo yanatokea nyuma wifi, mbele huoni kitu.

Hicho kipimo cha damu sio uongo. Kuna kichocheo cha ukuaji kinaitwa IGF-1, kwa njiti kinakuwa chini, na kikikaa chini muda mrefu mishipa haiendi. Kule Uswidi walitengeneza mfumo wa kukadiria hatari unaoitwa WINROP, wanachukua IGF-1 na uzito wa kila wiki wanajua nani yuko hatarini, baadaye wakaitumia hata kwa uzito peke yake (kwa hiyo nesi akikusumbua na mzani mvumilie). Ila damu inakwambia nani wa kuangaliwa kwa karibu, haikwambii mishipa ya mwanao leo imefikia wapi. Hiyo mpaka daktari achungulie.

Wangu alizaliwa na gramu 1,150, na pale nilipojifungulia waliniruhusu bila kutamka neno macho, nesi wa chanjo ndo alinishtua. Nilimfunga kwa kitenge mikono ndani, wakamdondoshea dawa mpaka mboni ikawa kubwa nyeusi tii, wakashikilia kope na kiwaya kidogo, daktari ana taa kwenye paji la uso na lenzi mkononi. Alilia mpaka nikatetemeka, nikawa namgusisha tone la maziwa mdomoni. Ni dakika chache. Wakakuta mishipa imeshaanza fujo, ndani ya siku mbili kapigwa leza. Leo anachambua mchele na mimi, mawe anayaona kabla yangu.

Wa kwako anatimiza wiki nne Alhamisi, na kuangaliwa macho mara ya kwanza ndo hapo hapo. Daraja la Busisi limeshafunguliwa, foleni ya pantoni hakuna, njoo Jumatano ulale kwangu Buzuruga asubuhi twende wote. Beba kadi na kitenge cha ziada, na usimshibishe sana kabla hatujaingia, akilia atatapika. Nauli nimeshamtumia kaka.