Faharasa ya mama haimfikii mtoto

Salim ndugu yangu,

Salamu nyingi. Umeniuliza kwa nini kutafuta basi kunachelewa ingawa umeweka faharasa, yaani orodha inayoisaidia hifadhidata kupata mstari bila kupekua jedwali zima. Faharasa yako haina kasoro, ila umeiweka kwenye jedwali la magari, na mabasi unayoyatafuta hayakai humo.

Katika PostgreSQL, hifadhidata unayotumia, jedwali linaloundwa kwa INHERITS (mtoto, kama mabasi na malori) hurithi safuwima za jedwali la mama (magari), pamoja na masharti ya CHECK (thamani zinazokubalika) na NOT NULL (pasiachwe patupu). Faharasa hairithiwi. Ufunguo msingi, yaani kitambulisho cha kila mstari, nao haurithiwi, wala sharti la upekee, wala ufunguo wa kigeni, yaani safuwima inayorejelea jedwali jingine. Ukisoma magari, yanasomwa pia mabasi na malori, na haya mawili yanapekuliwa mstari kwa mstari. Tanguliza EXPLAIN, amri inayoonyesha jinsi hifadhidata itakavyotafuta: chini ya neno Append utaona kila jedwali na njia yake, na penye Seq Scan, yaani kupekua jedwali zima, ndipo muda unapoishia.

Basi unda faharasa kwenye kila mtoto. Kwa kuwa mfumo unatumika, tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY, nje ya muamala (amri kadhaa zinazofungwa pamoja kama moja), ili watu waendelee kuandika. Ikikatika njiani huacha faharasa mbovu yenye alama ya INVALID. Ifute ndipo urudie. Jedwali jipya la mtoto liunde kwa LIKE magari INCLUDING INDEXES (nakili pamoja na faharasa), pamoja na INHERITS, lizaliwe nazo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni upekee. Hata ukiweka UNIQUE (sharti la upekee) kwenye kila jedwali, namba ya gari T 123 ABC inaweza kuwa basi huku na lori kule, na hifadhidata isiseme neno. Vitambulisho vya SERIAL, yaani namba zinazojitoa zenyewe kwa mfuatano, havigongani kwa sababu tu watoto wanachota kwenye mfuatano wa mama. Anayeingiza namba kwa mkono hazuiwi. Na jedwali la tiketi likirejelea magari, litalikataa basi lililomo kwenye jedwali la mabasi, maana ukaguzi huo hautazami watoto.

Ungekuwa unagawa data kwa tarehe, ningekwambia utumie PARTITION BY, njia ya kugawa jedwali moja vipande: tangu toleo la 11 la PostgreSQL, la mwaka 2018, faharasa ya mama hushuka kwa watoto wote, hata wajao. Sharti la upekee, hata hivyo, lazima lijumuishe safuwima ya kugawia. Kwako haifai, kwani ungegawa kwa aina ya gari na T 123 ABC ingejirudia vilevile.

Mimi ningeacha urithi. Magari yote jedwali moja, namba ikiwa UNIQUE. Jedwali la mabasi libaki na idadi ya viti tu, na kitambulisho chake kiwe ufunguo msingi unaorejelea magari. Kabla ya kuhamisha, kusanya namba kwa GROUP BY, amri inayoweka pamoja mistari yenye thamani moja, uone zilizojirudia, la sivyo UNIQUE itagoma.

Nisalimie nyumbani.

Wako,
Mwanaidi