Barua ya kufunga mwaka wa masomo kwa wazazi na walezi

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam nyingi. Mliofika kwenye mahafali mlijionea wenyewe. Watoto mliotukabidhi wakiwa chekechea, wengi wao hawajui neno la Kifaransa, wamemaliza darasa la kumi na mbili katika mpango wetu wa kusomesha kwa Kifaransa. Kujumlisha walijifunza kwa Kifaransa, mabara na bahari wakayajua kwa Kifaransa. Walipofika darasa la pili mlikuja ofisini na hofu: watoto wa jirani wanasoma vitabu vya Kiingereza, wetu bado wanajikongoja. Tuliwaomba subira, kwa sababu tangu mpango wa namna hii uanze Saint-Lambert, Quebec, nchini Kanada, mwaka 1965, imeonekana kwamba Kiingereza huchelewa kidogo, kisha hulingana. Imekuwa hivyo. Hakuna hata mmoja wao aliyekwamishwa na Kiingereza.

Na diploma ya jimbo letu la Maryland, Marekani, haipatikani kwa kuhurumiwa. Zinatakiwa krediti 21, yaani vipimo vya masomo yaliyofaulu, na saa 75 za kuhudumia jamii, nao wametimiza. Wengi wameongeza muhuri wa umahiri wa lugha mbili, uliowekwa na sheria ya jimbo letu mwaka 2016. Binti aliyezungumza kwa niaba ya wenzake alianza kwa Kifaransa, akaingia Kiingereza, akamalizia kwa Kiswahili kumshukuru bibi yake aliyekaa safu ya mbele. Ukumbi mzima ulisimama. Walimu wake wa chekechea walikuwepo, na fahari ile ni yao kabla ya kuwa yangu.

Timu ya soka ya wasichana imefanya vizuri, hongera. Kompyuta za shule zirudishwe kabla ya Ijumaa.

Sasa yale yanayoniudhi. Baadhi yenu mnawatoa watoto kwenye Kifaransa wakifika darasa la tisa, eti masomo yamekuwa magumu. Mtoto amekula miaka tisa ya kazi, mnamshusha njiani ilhali imebaki minne. Wengine mmewaandikisha kwa mtihani wa AP wa Kifaransa, ule wa kiwango cha chuo kikuu, na hamjalipa. Ada ni karibu dola 100, na familia yenye kipato kidogo hupunguziwa ikiomba. Kukaa kimya si kuomba.

Utoro ni mbaya zaidi. Mwaka wa masomo una siku 180, na anayekosa siku 18 anahesabiwa mtoro sugu, hata kama mzazi ameandika barua. Harusi ya wiki mbili si udhuru. Najua pia mabinti wanaobakizwa nyumbani wakatafsiri hospitalini. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kuwapa mkalimani bila malipo. Mdaini mkalimani huyo, mwacheni binti aje darasani.

La mwisho ni la video. Wanafunzi wa darasa la kumi walimrekodi mwenzao aliyetoka Bukavu akisoma kwa sauti, wakaisambaza wakicheka lafudhi yake, wakisema hicho si Kifaransa. Mtoto yule amesomeshwa kwa Kifaransa tangu utotoni. Kwao, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuna watu wengi kuliko nchi yoyote nyingine ambayo Kifaransa ni lugha rasmi, ikiwemo Ufaransa yenyewe, na Kinshasa imeipita Paris kwa idadi ya watu. Anayemcheka amekiazima Kifaransa darasani kwangu, tena kwa hisani ya walimu ambao baadhi yao wanazungumza kama yule aliyechekwa. Wahusika walisimamishwa siku tatu. Kilichonikera zaidi ni wazazi walionipigia simu kusema ni utani wa watoto. Si utani. Binti wa watu alikula chakula chake chooni wiki nzima.

Wazazi wa wahusika hawa wafike ofisini, baba na mama au mlezi, kabla ya shule kufunguliwa. Asiyefika, mwanawe hatapewa ratiba ya darasa la kumi na moja. Kila mmoja wa wanafunzi hao atamwomba radhi mwenzao ana kwa ana, kwa Kifaransa, mbele ya wazazi wake.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule