Mangi, bia ya Krismasi agiza ya moto

Cleveland, Ohio
Desemba

Mangi wangu,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi wazima, ila baridi imeingia kwa fujo. Upepo unapita juu ya Ziwa Erie, unazoa unyevu, ukifika mjini unaumwaga wote theluji. Nyinyi najua mmeshaanza safari za kupanda Moshi, mabasi yamejaa, nauli zimepaa. Haya, nenda kale ndafu, mbuzi wetu mzima wa kuchoma, kwa niaba yangu.

Juzi kwenye simu uliniuliza kama ni kweli huku watu wanatia mdalasini kwenye bia, ukaangua kicheko hata sijajibu. Ni kweli, bwana. Tena wanatia na tangawizi, na asali juu yake. Inaitwa Christmas Ale, ya kiwanda cha hapa hapa mjini, Great Lakes Brewing, walichokianzisha ndugu wawili, Patrick na Daniel Conway, mwaka 1988. Hii ya Krismasi ilianza 1992. Inatoka Oktoba, miti bado ina majani, na watu wanaigombea kama vile kesho haipo.

Nilikwenda kuinywea kwao, mtaa wa Ohio City, karibu na soko kuu la zamani liitwalo West Side Market. Kaunta yao ni ya mbao nyeusi ya kizamani, ina matundu ambayo kila mhudumu atakuonyesha. Wanasema ni ya risasi, na wanayahusisha na Eliot Ness, yule afande wa Chicago aliyepambana na jambazi Al Capone kisha akaja kuwa mkuu wa usalama wa Cleveland mwaka 1935. Ukweli wake wanaujua wenyewe. Kila baa kongwe lazima iwe na hadithi ya kuuzia.

Sasa tuje kwenye glasi. Ililetwa baridi kali, rangi nyekundu inayokwenda kwenye kahawia, povu kidogo la rangi ya maziwa juu. Nikapiga funda. Gesi, utamu kiasi, basi. Tangawizi iko wapi? Mdalasini uko wapi? Nikaiacha nikawa nakula. Niliporudi kwake, glasi imeacha kutoa jasho, ndipo mambo yakaanza. Mdalasini ulinipata puani kabla mdomo haujagusa glasi. Halafu kimea kilichokaangwa, yaani ile nafaka iliyooteshwa ya kupikia bia, kile kiladha cha ukoko wa mkate. Tangawizi ilikuja mwisho kabisa, nimeshameza, ikaniwasha kooni taratibu. Asali usiitafute kama utamu, kwa sababu sukari yake karibu yote inaliwa na chachu na kugeuka pombe. Inabaki harufu tu, na wepesi fulani usioutegemea kwenye bia nzito.

Ndiyo maana nakuandikia. Unajua kule kwetu mhudumu anavyouliza, "Ya moto au ya baridi?" na kuna wazee, akiwemo mzee wako, hawataki kabisa kusikia habari ya friji? Basi wale wazee ndio wateja hasa wa bia hii. Harufu ya viungo inahitaji kupanda hewani ndipo pua iipate, na baridi inaifungia ndani ya kinywaji. Bia nyepesi ya kukata kiu, iweke hata kwenye barafu, hakuna kinachopotea. Ila hii, itoe kwenye friji, iache mezani nusu saa, iwe kwenye nyuzi 10 au 12 hivi. Wahudumu wa huku ukiwaambia wasiipoze sana wanakutazama mara mbili.

Kuna na balaa jingine. Baa nyingi za huku wanachovya mdomo wa glasi kwenye sukari iliyochanganywa na mdalasini wa unga kabla ya kumimina. Watu wanapenda mno, wanapiga picha. Mimi sitaki hata kuiona. Unakunywa sukari, midomo inanata, na kazi yote ya mpishi wa bia imefunikwa. Siku hizi naagiza "glasi kavu" mapema, kabla hajanifanyia hisani.

Halafu usidharau chupa zake. Ni ndogo, mililita 355, wewe utasema ni za watoto. Lakini ina pombe asilimia 7.5. Bia yako ya Safari ni 5.5, na chupa ni nusu lita. Piga hesabu: kachupa hako kana pombe karibu sawa na Safari nzima. Na viungo vinaificha, husikii ukali. Mtu anajimiminia ya tatu akidhani bado anaanza, akiinuka kwenda msalani ndio anajua.

Nimejaribu na nyingine za msimu, maana kila kiwanda huku sasa kina ya kwake. Walioliamsha jambo hili kwa Wamarekani wa leo ni kiwanda cha bia cha Anchor cha San Francisco, mwaka 1975. Kila mwaka mapishi mapya, yasiyotajwa kwa mtu, na mti mwingine kwenye lebo. Kiwanda kikafungwa 2023. Za wengine nyingi wanaoiga wanazidisha karafuu, na karafuu ikizidi unajiona umekaa kwenye kiti cha daktari wa meno. Hawa wa Cleveland walichofanya vizuri ni kuacha kimea kiongoze, viungo vifuate nyuma.

Sasa nina ombi, na si la utani. Muulize mama anavyopima msesewe, lile gome chungu la mti, kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Najua ndizi zinachemshwa, najua ulezi unaoteshwa, lakini msesewe ndio kazi, ukizidi ni uchungu mtupu. Hopi za huku, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, zina kazi ileile, zinazuia utamu usikuchoshe. Nikimweleza mwenzangu mmoja wa kazini anayepika bia nyumbani, macho yanamtoka. Sheria ya huku inamruhusu mtu kupika ya kwake, mradi asiuze. Ulezi tunaupata kwenye maduka ya Wahindi, ndizi zipo. Msesewe ndio hatuna, na mizigo ya magome ya miti uwanja wa ndege haivuki salama, kwa hiyo usinitumie. Nataka kujua kipimo tu, nione hopi kiasi gani zitakaa badala yake.

Mama akikataa kusema, mwambie tangawizi sitii. Najua ndicho atakachouliza kwanza.

Wasalimie wote nyumbani, na jibu kabla hujashuka Dar, maana ukifika mjini hujibu tena.

Ni mimi,
rafiki yako wa Ohio